Sauti ya Safura

Mwezi wangu wa kwanza wa kustaafu nimeumaliza kwa kuamka alfajiri, kuvaa shati, na kukaa barazani nikisubiri gari ambayo haiji. Mke wangu akaniambia kama sina la kufanya nikapalilie muhogo, au nishike kalamu niwaandikie wale vijana wa idara yetu ya habari wanaonijia kila siku kuniuliza mambo ya zamani. Kondeni kuna jua kali. Kwa hiyo nimeshika kalamu.

Sitaandika habari za vyeo wala mshahara. Vyeo vilinijia nikiwa nimeshachoka kuvitaka, na mshahara mnaujua, maana na wenu ni huo huo. Nitaandika kuhusu gari ya sinema, ile ya serikali iliyozunguka vijijini, kwa sababu nyinyi mna video, na nimewasikia mkisema kwamba mtu akiangalia picha anaona kile mlichompigia. Haoni hicho peke yake. Anaona na kile alichokuja nacho kutoka nyumbani, na anasikia zaidi ya mlichosema. Nitawaeleza habari ya Bi Riziki wa kijiji cha Ole, mwanamke aliyekaribia kumkosa mwanawe kwa sababu ya mkanda mmoja wa kuchekesha, nanyi mtajua ninachokusudia.

Nilianza kazi Chake Chake mwishoni mwa miaka ya hamsini, kijana wa kutengeneza baiskeli na redio, nisiyejua kitu kingine. Siku ya kwanza nilidhani nitapewa mashine. Nilipewa kitambaa laini, nikaambiwa nifute vumbi kwenye lenzi, nisiiguse kwa kidole, na nisiseme na mtu mpaka nimalize. Aliyeniambia hivyo ni Maalim Bakar, msemaji wa gari yetu, ambaye kwa muda mrefu nilimwogopa kuliko mudir, mkubwa wa serikali wa wilaya yetu. Alikuwa mwalimu wa skuli kabla ya kuletwa idarani, mtu mfupi, msafi, ambaye kanzu yake ilikuwa imenyooka hata tulipolala juu ya magunia huko Shumba. Sauti yake ilikuwa nzito, hailingani kabisa na kimo chake.

Yeye ndiye aliyenifunza kazi. Jenereta iwekwe mbali, nyuma ya mikarafuu, upande unakoelekea upepo, ili kelele zake zisimeze maneno. Mkanda ukikatika, kwangua ncha zake kwa wembe, tia gundi, bana, na utulie. Ukifanya pupa utakatika tena mbele za watu. Wadudu wakivamia taa usiwafukuze kwa mkono, kwa kuwa mkono wako utaonekana kwenye shuka la picha, mkubwa kama mnazi. Hili la mwisho nililisahau mara moja tu, Ole hiyo hiyo, na kwa muda mrefu watoto wa kule waliniita Bwana Mkono.

Mchana tulipita kijijini na spika juu ya paa tukitangaza. Baada ya isha tulitandaza shuka jeupe, wanaume wakakaa upande mmoja na wanawake upande wa pili, watoto mbele kabisa, na waliokosa nafasi wakaenda nyuma ya shuka, wakaona picha kinyume na wakaridhika vile vile. Watu wale walikuwa wapole, ila katika jambo moja. Mtu akikatiza kwenye mwanga, kivuli chake kikajaa shuka zima, umma wote ulipiga kelele: "Kaa chini!" Hakusamehewa mtu. Walimpigia kelele sheha wao. Huko Shumba walimpigia mudir mwenyewe, naye akakaa chini mchangani na suruali yake nyeupe, akangoja mkanda umalizike.

Mikanda mingi ilikuwa imepigwa bara, wachezaji Waafrika na msemaji Mzungu, haina neno la Kiswahili hata moja. Mimi nilizima sauti ya mkanda, na Maalim akakaa ndani ya gari, mlango wa nyuma umerudishwa, kipaza sauti mkononi, akitazama shuka kupitia kidirisha na kueleza kila kinachopita. Watu hawakumwona. Walisikia sauti inatoka juu ya paa, na wengi, hasa vikongwe, waliamini kuwa ndiyo sauti ya serikali. Maalim hakuwakosoa. Nadhani jambo hilo lilimpendeza.

"Kombo," aliniambia siku moja tukifunga nyaya, "picha ni ya Mzungu. Maneno ni yangu. Na watu wetu hawa, kwanza huamini maneno, kisha ndiyo hutazama picha."

Mkanda wetu mkubwa ulikuwa wa safura, maradhi ya minyoo ya tumboni. Baba mmoja anakwenda kondeni miguu mitupu, hana choo, anajisaidia vichakani. Anapauka, anachoka, shamba linaota majani. Mwisho anachimba choo cha shimo, anapata dawa, ananunua viatu, anapona. Mkanda huo Maalim alikuwa na sauti yake maalumu ya kuusemea, ya polepole, ya chini, kama mtu anayesoma wasia. "Dalili ya kwanza," alisema, akanyamaza kidogo. "Macho kupauka. Dalili ya pili. Kuchoka bila ya kazi. Dalili ya tatu. Kutamani kula udongo." Kila tulipopita, wiki ile ile watu walichimba vyoo. Wake waliwafunua waume zao kope za macho. Mimi na Maalim tuliiita sauti ya safura, na kila alipoitumia palikuwa kimya hata jenereta ilisikika kutoka mikarafuuni.

Sasa, watu hawakai usiku kwa ajili ya choo peke yake. Ili wasiondoke, tulikuwa na mikanda mifupi ya kuchekesha ya kumalizia, na mmoja ulikuwa wa mwendawazimu. Bwana huyo anasema peke yake, midomo inacheza bila kukoma. Anavaa koti nyuma mbele. Anamwamkia kuku kwa adabu zote. Anakamatwa, anapelekwa hospitali, anakaa, daktari anampima na kumruhusu. Kwenye geti daktari anampa mkono wa kwaheri, naye anamng'ata. Mwisho wa mkanda.

Maalim alipata wazo, na kwa haki yake niseme lilikuwa wazo la mtu mwenye kipaji. Badala ya kucheka na watu, aliusemea mkanda ule kwa sauti ya safura. "Dalili ya kwanza. Kusema peke yake. Dalili ya pili. Kuvaa nguo kinyume. Dalili ya tatu. Kumwamkia kuku." Na pale getini, daktari anapong'atwa, alishusha pumzi na kusema, "Na huyo ndiye aliyepona."

Chake Chake, ambako watu walikuwa na sinema yao ya kulipia na walijua mchezo ni mchezo, nusura wavunje viti kwa kicheko. Ole walicheka pia. Lakini walicheka kama walivyomcheka baba wa safura alipoanguka na jembe lake, halafu wakenda nyumbani wakafunuana kope. Serikali ilikuwa imekuja na gari yake, imewafunza dalili tatu za safura, na usiku huo huo, kwa sauti hiyo hiyo, imewafunza dalili tatu za wazimu. Walizishika zote sita.

Haya tuliyajua tuliporudi Ole, mvua za masika zimekwisha. Nilikuwa nafuta lenzi alasiri, gari iko kwenye kivuli cha skuli, nikasikia mtu anapiga hodi kwenye mlango wa gari kama unavyopiga hodi nyumbani kwa mtu. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, buibui lake safi. Tukaamkiana, akaniuliza yuko wapi Maalim wa sauti. Nilimwita Maalim, na yule mama akakaa juu ya sanduku la mikanda, akatueleza habari yake bila kulia hata mara moja. Mimi ndiye niliyetamani kulia.

Ndiye Bi Riziki. Alikuwa na chuo nyumbani kwake, akisomesha Kurani watoto wadogo wa mtaani. Miaka michache nyuma alijifungua mtoto wa kiume, mtoto akafa, na baada ya hapo usingizi ukamhama. Akaanza kusikia mtoto analia kisimani. Nduguze wakampeleka Unguja kwa meli, akalazwa hospitali, akatibiwa, akarudi mzima. Lakini alipokuwa huko mumewe alimwacha, akenda zake Tanga kutafuta kazi, na binti yao Salma akachukuliwa na mama yake mume, Bi Mize. Kadhi hakuwa na neno gumu: mtoto wa kike ni wa mama yake, maadamu mama kapona, na waje majirani wawili washuhudie kuwa kapona. Majirani wawili walikuwepo. Siku ilikuwa imewekwa. Ndipo ikaja gari yetu.

Bi Riziki alikuwa na mazoea, tangu utotoni, ya kusoma moyoni akifanya kazi. Akisuka ukili anasoma, akienda kisimani anasoma, na midomo yake inacheza. Ole nzima ilimwona hivyo toka angali kigori, na walimhesabu mcha Mungu. Baada ya mkanda wetu, ikawa dalili ya kwanza. Mama mmoja akamtoa mwanawe chuoni, akafuata wa pili, mpaka ukumbi ukabaki na majamvi matupu. Majirani wa kushuhudia wakamwambia kwa upole kwamba wangojee kidogo. Na Bi Mize akasema hana ugomvi na mtu, ila yeye ameona kwa macho yake daktari anang'atwa na aliyepona.

"Maalim," alisema Bi Riziki, "miye midomo yangu yacheza tangu ntoto. Nasoma. Leo nikipita watoto wanihesabia dalili, moja, mbili. Nisisome? Nikikaa kimya, wataniona ninawaza. Nikisema, nasema peke yangu. Niambie weye, ntu mzima yuakaa vipi?"

Maalim alivua kofia yake, akaitazama ndani, akaivaa tena. Kisha akamwambia arudi nyumbani, usiku ule ule yeye atalitengeneza jambo hili.

Mimi nilimpa silaha, na nilijiona mjanja sana. Mtu anayeona mkanda mmoja kila siku huona vitu ambavyo wengine hawavioni, na mimi nilikuwa nimeshagundua kwamba mwendawazimu wa mkanda mfupi na baba wa safura ni mtu mmoja. Mmoja ana ndevu na mwingine hana, lakini bega la kushoto limeshuka namna moja. Usiku ule, baada ya safura, Maalim aliwaambia watu wa Ole ukweli wote. Mwendawazimu waliyemwona ni mchezaji. Analipwa. Kuku ni wa kuazima. Na kama hawaamini, ni yule yule aliyechimba choo, watazame bega.

Kisha mzee mmoja upande wa wanaume akauliza, kwa utulivu, kama anauliza bei ya samaki, "Yakhe, basi hata safura ni mchezo?"

Watu wakacheka. Wengine walicheka kwa kudhani ndiyo kichekesho cha usiku ule, maana Maalim alishajulikana kwa kusema ya kuchekesha kwa sauti ya wasia. Wengine hawakucheka, na hao ndio walioniogopesha. Siku za mbele habari zikatufikia Chake Chake kwamba Ole mashimo ya vyoo yaliyoanzwa yameachwa, kwa kuwa msemaji mwenyewe kakiri kwamba yule baba hakuwa na safura. Mudir alituita. Sitaandika aliyosema, aliyasema kwa Kiingereza, na Maalim alikataa kunitafsiria.

Kwa Bi Riziki mambo yalizidi. Sasa walisema amekwenda kuishitaki Ole kwa serikali, na mtu mwenye akili timamu haishitaki Ole kwa serikali.

Maalim alikaa siku nyingi bila ya kunikaripia, jambo lililonitia wasiwasi. Tulikuwa tumelala Shumba, mvua inanyesha juu ya paa la gari, alipolisema. "Nikiwatania, wanasadiki. Nikiwaambia kweli, wanacheka. Kombo, nimeichezea ile sauti mpaka haitamfaa tena yule mama." Lakini ile spika, akaongeza, haina makosa. Spika bado watu wanaiamini. Kinachotakiwa ni mtu mwingine wa kuisemea.

Nilielewa, nikamwambia ana wazimu, kisha nikajiuma ulimi. Ilikuwa imeshaingia miaka ya sitini, siasa zimepamba moto, jirani hamzungumzishi jirani, na amri ya idara ilikuwa moja, kali: kipaza sauti kisiguswe na mtu yeyote asiyekuwa mfanyakazi. Wenzetu wamefukuzwa kwa kumwachia mtu aseme salamu tu. Maalim alikuwa na watoto wengi na nyumba isiyokwisha kuezekwa. Lakini alikuwa ameshaamua, na mimi sikuwa na uwezo wa kumwamulia.

Tulipofika tena Ole tulimpitia Bi Riziki mchana, Maalim akamtaka ausemee yeye mkanda wa safura. Alikataa. Alisema hawezi kupandisha sauti yake mbele ya wanaume. Maalim akamjibu kwamba atakuwa ndani, mlango umerudishwa, hataonekana na mtu, na hatasema lolote ila habari za safura.

"Nijitetee?" aliuliza.

"Usijitetee. Wala usitaje jina. Wasomeshe tu, kama unavyosomesha chuoni."

Alifikiri. Akauliza kama mkanda ni ule ule wa zamani, na tulipomwambia ndio, akasema haina haja ya kumpa mazoezi, anaujua. Choo chake mwenyewe alikichimba kwa mkanda ule, peke yake, kwa jembe la kuazima.

Jioni alikuja mapema, kabla ya watu, na shangazi yake mtu mzima wa kumsindikiza, wakaingia garini. Maalim alitoka nje kumpisha, akasimama kando yangu kwenye meza ya mashine. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuwa na la kufanya na mikono yake. Watu walijaa. Bi Mize alikuwa mstari wa mbele upande wa wanawake, juu ya mkeka, na Salma kando yake, mtoto wa umri wa kuanza skuli, nywele zimesukwa vizuri. Yule bibi alimtunza mjukuu wake, hilo nilisema wakati ule na nalisema leo.

Nikawasha. Baba wa safura akatokea kwenye shuka, jembe begani. Spika ilikuwa kimya. Nilisikia pumzi, mara moja, mara mbili, na nikadhani imeshindikana. Kisha juu ya paa ikatoka, "Bismillahi," na sauti ya mwanamke ikaanza kusema.

Haikuwa sauti ya wasia. Ilikuwa ya kawaida, imenyooka, ya mtu aliyezoea kusikilizwa na wadogo. Hakuhesabu dalili. Aliuliza. "Mwamuona baba huyu? Mwaiona miguu yake? Ina nini?" Na kutoka mbele, pale walipokaa watoto, wachache wakajibu pamoja kabla hawajajijua, kwa wimbo ule ule wa chuoni, "Haina viaatu." Akauliza la pili, wakajibu wengi zaidi. Upande wa wanawake nilisikia wananong'ona, nani huyo, mwengine akasema atakuwa mke wa Maalim, mwengine akasema basi mke amemshinda mume. Maalim alisikia. Alikohoa tu. Wanaume walikuwa wametulia, na yule mzee wa yakhe alikuwa ameinamisha kichwa kama yumo msikitini.

Watoto walijua kwanza. Niliona mmoja anamgusa mwenziwe, mwenziwe anageuka kuitazama gari. Halafu nikamwona Salma. Hakuwa anatazama picha tena. Alikuwa ameinua uso kuangalia spika, na midomo yake, Wallahi, ilikuwa inacheza.

Akasimama. Bi Mize alimshika pindo la nguo. Nilikuwa karibu nao kiasi cha kuuona ule mkono, na niliuona usoni mwa bibi yule kwamba naye ameshaitambua sauti, pengine tangu Bismillahi. Alikuwa mtu aliyekaa na sauti ile nyumba moja kwa miaka. Alimshika mtoto, akasikiliza kidogo zaidi. Spika ilikuwa inasema habari za dawa, kwamba mtu akiumwa hutibiwa, na akitibiwa hupona, kisha huendelea na kazi zake. Ni maneno ya mkanda. Maalim aliyasema kila siku, na sikuwahi kuyasikia.

Bi Mize akaachia pindo.

Mtoto alikuja moja kwa moja kuelekea gari, na njia fupi ya kuja garini ilikuwa ni katikati ya mwanga. Nilimwona anaingia. Kivuli chake kikapanda kwenye shuka, kikamfunika baba wa safura, kikafunika choo na jembe, kikazidi kukua kila alipoikaribia mashine, mpaka picha yote ikawa kichwa cha mtoto na misuko yake. Nikakaza mwili kungojea kelele. Umma ule uliompigia mudir ulikaa pale, wanaume kwa wanawake, hawaoni picha hata kidogo, na hakuna hata mmoja aliyesema kaa chini.

Salma akapita kando yangu, akasukuma mlango wa gari. Sauti ikakatika. Tukasikia kwenye spika, Ole nzima tukasikia, kitu kama mtu anayevuta pumzi baada ya kuzamia. Kisha mkanda, ambao haumngojei mtu, ulikuwa umefika kwenye shimo la choo, na mwalimu akarudi kazini. "Haya," alisema, na sauti sasa ilikuwa inatetemeka na hakujali, "choo kiwe mbali na nini?" Na kabla ya watoto wa mbele kujibu, spika ikajibu kwa sauti nyembamba, ya karibu sana, "Kisima."

Mkanda ulipokwisha sikuweka wa kuchekesha. Watu waliondoka polepole. Maalim alijifanya anakunja waya, akaukunja, akaukunjua, akaukunja tena. Mimi nilikuwa nazungusha mkanda kurudi mwanzo nilipomwona Bi Mize anakuja, anatembea kwa shida, kitu mkononi. Akapiga hodi kwenye mlango wa gari.

Bi Riziki alitokeza uso. Mtoto alikuwa amelala mapajani mwake. Bi Mize alinyoosha mkono. Vilikuwa viatu vidogo vya Salma, vilivyobaki kwenye mkeka.

"Kaacha viatu vyake," alisema. "Nguo n'takuletea kesho. Na kwa kadhi, usitafute jirani wa kushuhudia. N'takwenda miye."